Tunaocheka makosa ya Wikipedia ya Kiswahili, mbona hatuyasahihishi?

MUHULA uliopita niliingia darasani na makala fupi niliyoitoa katika Wikipedia ya Kiswahili. Somo lilikuwa la tafsiri. Nilitaka kuwaonyesha wanafunzi wa mwaka wa tatu jinsi Kiingereza kinavyojipenyeza katika sentensi zetu hata pale ambapo maneno yote ni ya Kiswahili. Makala yenyewe ilihusu uchongaji wa mawe ya sabuni kule Tabaka, Kaunti ya Kisii. Ilikuwa na sentensi saba tu. Nikairusha ukutani kwa projekta, kazi ikaanza.

Sentensi ya tatu ilisema kwamba uchongaji “unacheza jukumu kubwa” katika uchumi wa Tabaka. Nikauliza: jukumu hilo huchezwa wapi, Nyayo au Kasarani? Darasa likaangua kicheko. Nami, kama mchekeshaji aliyeonja makofi, nikanogewa. Nikashuka hadi sentensi ya tano, iliyomtaja mchongaji mmoja na kuendelea, “Yeye ni mkazi wa Tabaka”, nikaeleza kwamba Mswahili hana haja ya hilo “yeye” ikiwa mtu mwenyewe ametajwa sasa hivi. Ya sita ilimsema mchongaji huyo kuwa “alihudhuria” shule ya msingi. Mkutano huhudhuriwa, nikasema, arusi huhudhuriwa. Shuleni mtu husoma. Dakika 20 zikaisha. Tulifurahi sana siku hiyo.

Baada ya kipindi, mwanafunzi mmoja alinifuata hadi ofisini. Ni mtu asiyesema sana. Alisimama mlangoni akanena: “Mwalimu, ile makala ya Tabaka niliiandika mimi.”

Nilianza kumwambia kwamba nilikosoa sentensi wala sikumkosoa mtu. Alitikisa kichwa kwa adabu, kama watu wanavyofanya wanapokusikiliza bila kukuamini. Kisha akaniuliza: “Lakini Mwalimu, mbona hukubonyeza pale palipoandikwa Hariri?”

Sikuwa na jibu. Wiki mbili baadaye nilifungua makala ile tena. Kila ukurasa wa Wikipedia una historia yake: nani aliandika nini, siku gani, saa ngapi, na nani akabadilisha nini. Jukumu lilikuwa bado linachezwa. Watu wapatao 40 wanaoisomea lugha hii shahada, pamoja na mhadhiri wao, walikuwa wameiona sentensi ile na kuicheka. Hakuna aliyeigusa. Mwandishi wake naye, aliyekuwa akiingia karibu kila wiki tangu Januari, hakuwa ameandika chochote tangu siku ya kipindi changu.

Kwa hiyo leo natoa hoja ambayo baadhi ya wenzangu hawataipenda. Udhaifu wa Wikipedia ya Kiswahili tunaoushutumu kwenye makongamano, tena kwa PowerPoint, kwa kiasi kikubwa ni wetu sisi tulioisomea lugha hii na kulipwa mishahara kwa ajili yake.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuingia jikoni kwake, Wikipedia ni ensaiklopidia ya mtandaoni inayoandikwa na yeyote apendaye, bila malipo. Ilianza kwa Kiingereza Januari 2001. Ya Kiswahili ilizaliwa 2003, nayo hujiita kamusi elezo huru. Mimi hulipendelea zaidi neno ensaiklopidia, lakini siwezi kuwabadilishia watu jina la nyumba waliyoijenga bila mimi. Wanaoiandika wanafanya hivyo kwa mapenzi, kama mwingine anavyofuga njiwa au kukusanya stempu. Ni uraibu wa watu wachache mno. Wana hata msamiati wao: wasimamizi huitwa wakabidhi, na makala changa ambayo haijakua huitwa mbegu. Neno hilo la mbegu nalihusudu.

Leo hii kuna zaidi ya makala 80,000. Si haba. Lakini Kiestonia, lugha ya watu wapatao milioni moja tu huko kaskazini mwa Ulaya, kina makala zaidi ya 200,000. Nasi kila Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, hupanda jukwaani kukariri kwamba lugha yetu ina wazungumzaji zaidi ya milioni 200. Wako wapi wakati wa kuandika?

Sehemu ya jibu inajulikana. Mwaka 2006 mtaalamu wa matumizi ya tovuti, Jakob Nielsen, aliandika kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni, kati ya watu 100, 90 husoma tu, tisa huchangia mara mojamoja, na mmoja ndiye anayebeba mzigo. Alisema pia kwamba katika Wikipedia pengo hilo ni kubwa zaidi. Msomaji hahitaji kwenda mbali kulithibitisha. Tazama kundi lolote la WhatsApp la walimu wa Kiswahili: wanachama 200 na ushee, watatu wanaojadiliana, na mmoja anayetuma sala ya asubuhi.

Wengine wamejaribu kuuvunja ukimya huo kwa zawadi. Mwishoni mwa 2009 hadi mwanzoni mwa 2010, kampuni ya Google iliendesha shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Nakumbuka msisimko ule. Wanafunzi wangu kadhaa walikesha kwenye maabara ya kompyuta, wengine wakija kuniuliza Kiswahili cha maneno ambayo hata mimi nilihitaji kuyafikiria. Makala nyingi ziliongezeka kwa muda mfupi, na nyingine zipo hadi leo. Sitalibeza shindano hilo. Lakini miezi michache baada ya washindi kutangazwa niliwauliza wale wanafunzi wanaandika nini sasa. Walinitazama kana kwamba nimewauliza kuhusu mtihani wa muhula uliopita. Shindano lilikuwa limekwisha, basi.

Nini basi humfanya mtu abaki? Nilimwomba radhi yule mwanafunzi wa Tabaka, na tulipozoeana kidogo nikamuuliza jambo hilo. Aliniambia kwamba makala yake ya kwanza kabisa ilifutwa. Ya pili ilikuwa hii ya mawe ya sabuni. Alikuwa ameandika “mawe inachimbwa”, kama wengi wetu wa bara tunavyosema tukiwa matatuni. Mkabidhi mmoja, mtu asiyemjua, akamwandikia: karibu sana dada, makala yako inahitajika. Akasahihisha upatanisho wa ngeli mahali pawili, na pa tatu akamwachia, akamwambia atafute mwenyewe na kumalizia.

“Nilikaa usiku mzima nikitafuta hapo pa tatu,” aliniambia huku akicheka. “Nilipopaona, nikasema aah, kumbe na mimi ni mwenyeji.”

Kisha akanieleza jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike safu hii. Kwao Tabaka, mtoto hapewi patasi siku ya kwanza. Hupewa msasa na ndoo ya maji. Wanaume huchonga, wanawake na watoto husugua: msasa mkavu kwanza, kisha wa maji, mpaka kiboko au bakuli liteleze mkononi. Mtoto anayesugua hachezi. Kiboko hicho kitauzwa, na kisiposuguliwa hakiuziki. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza amo ndani ya kazi ya kweli, ingawa ameshika pembe yake ndogo. Akiharibu, ameharibu kitu kinachoweza kurudiwa.

Wasomi wameliandikia jambo hili vitabu. Mwaka 1991 Jean Lave na Etienne Wenger walichapisha kitabu kuhusu namna watu wanavyojifunza kazi kwa kuingizwa kidogokidogo katika jumuiya ya wanaoifanya. Mfano wao mmojawapo ni wa washonaji wa Liberia ambao Lave aliwachunguza kwa muda mrefu. Mwanagenzi pale huanza mwishoni mwa kazi: kushona vifungo, kukunja pindo, kupiga pasi. Kukata kitambaa, ambako kosa moja hupoteza nguo nzima, huja baadaye sana. Nimelifundisha wazo hilo kwa wanafunzi wa uzamili zaidi ya mara moja. Halikunijia kichwani hata dakika moja siku ile nilipokuwa na projekta mkononi.

Nilichokifanya darasani ni kumpokonya mwanagenzi msasa na kuuonyesha umati jinsi alivyousugua vibaya. Yule mkabidhi asiye na cheo cha chuo kikuu alimrudishia msasa akamwonyesha pa kusugua. Kati yetu wawili, nani alikuwa mwalimu wa Kiswahili?

Najua wenzangu watanijibu vipi, maana wameshanijibu kwenye chumba cha walimu. Mchelea mwana kulia hulia yeye, wanasema. Tukibembeleza kila anayeandika “alicheza jukumu”, kesho lugha yote itakuwa Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Na makala za Wikipedia husomwa na watoto wa shule, wanazinakili kwenye madaftari, zinarudi kwetu kama Kiswahili sanifu. Hoja hii ina uzito, tena uzito wake unazidi. Siku hizi mtu anaweza kuchukua makala ya Kiingereza, akaipitisha kwenye mtambo wa kutafsiri, akaibandika kabla chai haijapoa. Mitambo ya akili unde (Watanzania husema akili mnemba) nayo hujifunza Kiswahili kwa kumeza maandishi ya mtandaoni, Wikipedia ikiwemo. Sentensi mbovu ya leo inaweza kurudi kesho ikiwa imeandikwa na mashine, tena kwa kujiamini.

Sasa tazameni yaliyowapata Waskoti. Mnamo Agosti 2020 iligunduliwa kwamba makala zaidi ya 20,000 za Wikipedia ya lugha yao ya Kiskoti ziliandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Alianza akiwa na umri wa miaka 12. Alichokuwa akifanya ni kuchukua Kiingereza, kubadilisha tahajia na kuchomeka neno moja moja kutoka kamusi. Habari zilipoenea, matusi yalimmiminikia. Mimi swali langu ni jingine. Alifanya kazi hiyo kwa miaka karibu saba, hadharani, na jina lake la mtumiaji likiwa kwenye historia ya kila ukurasa. Muda huo wote, wasemaji wa Kiskoti wenyewe, na maprofesa wao, walikuwa wapi? Bila shaka walikuwepo waliozisoma makala hizo wakatabasamu, wakafunga ukurasa. Mimi nikiwa kwao ningefanya vivyo hivyo. Baada ya kashfa ndipo wasemaji halisi walipojitokeza kujitolea kusafisha.

Kwa hiyo nakubaliana na wenzangu kwamba kosa lazima liondolewe. Ninachokataa ni kuamini kwamba kulicheka ni kuliondoa. Kuisahihisha sentensi ya Tabaka kunachukua muda mfupi kuliko mzaha wangu wa Nyayo na Kasarani. Unaweza kuandika kwamba uchongaji una mchango mkubwa katika uchumi wa Tabaka. Ukitaka Kiswahili kinachopumua zaidi, andika kwamba wakazi wengi wa Tabaka hutegemea uchongaji. Sekunde 30, na kosa halipo tena, wala hakuna aliyeaibika.

Nilijaribu mwenyewe, na hapa lazima nikiri yaliyonipata. Nilifungua akaunti kwa jina la kupanga. Nilisahihisha lile jukumu, nikaona raha. Nikapata kiburi. Usiku uleule niliandika aya tatu nzito kuhusu mada ya utafiti wangu wa miaka mingi, sikutaja chanzo hata kimoja, nikalala nikijua nimeifadhili lugha. Asubuhi aya zote tatu zilikuwa zimetenguliwa. Ujumbe mfupi ulisema: karibu, habari hizi ni nzuri, lakini tafadhali onyesha umezitoa wapi.

Nimezitoa wapi? Mimi! Mwenye shahada tatu! Nilifunga kipakatalishi, na sikurudi kwa muda wa wiki tatu. Ujumbe ule ulikuwa wa heshima tupu na ulikuwa sahihi kabisa. Kanuni ya kutaja chanzo ndiyo ileile ninayowatoza nayo wanafunzi alama kila muhula. Hata hivyo uliniuma kiasi hicho. Nikapata kuelewa kidogo hali ya mtoto wa miaka 21 anayechekwa na darasa zima akiwa ameketi humohumo.

Kuna jambo jingine linalowafukuza wageni, nalo linatuhusu sisi Wakenya hasa. Ukiandika tarakilishi, anatokea wa kukuambia sema kompyuta. Ukiandika televisheni, mwingine anataka runinga. Kaunti inageuzwa gatuzi, gatuzi inarudishwa kaunti. Nimezisoma kurasa za majadiliano ambamo mgeni alileta habari nzuri, akajibiwa kuhusu neno moja tu, habari yenyewe ikasahaulika. Wikipedia ya Kiingereza ilikabiliwa na ugomvi kama huo kati ya tahajia ya Uingereza na ya Marekani, ikaweka kanuni nyepesi: makala ibaki katika tahajia iliyoanza nayo, isipokuwa kama kuna sababu maalumu ya kuibadilisha. Nasi twaweza kuishi hivyo. Aliyeanza na runinga aachiwe runinga yake, na neno televisheni litajwe mara moja kwenye mabano kwa faida ya ndugu wa Dodoma. Tarakilishi haijamuua mtu.

Wala tusijidanganye kwamba hili ni jambo geni lililoletwa na intaneti. Magazeti ya Kiswahili yamekuwa na jumuiya za namna hii kwa zaidi ya karne nzima. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilijaa barua na mashairi ya wasomaji wa kawaida: makarani, walimu wa shule za msingi, watu wa bandarini. Kurasa za ushairi zilizofuata, hapa na kule, ziliishi kwa malumbano. Mtu alituma shairi lake la kwanza, na mzito fulani akalijibu kwa shairi. Yawezekana alimkosoa, tena kwa ukali, kwamba mizani yake imepungua na vina vimeyumba. Lakini kujibiwa kwa shairi ni kukubaliwa kuwa mshairi. Aliyekosolewa alikuwa na ukurasa wa kujitetea wiki ifuatayo, naye alituma tena.

Mwanafunzi wangu hakuwa na ukurasa huo. Alikuwa na kiti cha nyuma na kicheko cha watu 40.

Nimebadilisha kazi ya darasa muhula huu. Badala ya kuniletea makosa waliyoyawinda mtandaoni, kila Alhamisi wanafunzi wanatenga nusu saa kuingia kwenye makala za mbegu kuhusu kwao, wanasahihisha sentensi moja au wanaongeza moja yenye chanzo. Wengine hawana bando, kwa hiyo tunagawana mtandao wa chuo, ambao nao una siku zake. Sitoi alama kwa wingi wa makala. Tulishaona zawadi zilitufikisha wapi. Natoa alama kwa aliyemjibu mwenzake kwenye ukurasa wa majadiliano. Sijui ni wangapi kati yao watabaki muhula ukiisha. Wakibaki watatu nitaridhika, maana kwa hesabu ya Nielsen hao ni wengi.

Wenzangu wawili wamekubali kujiunga. Wa tatu, bingwa wa isimu ninayemheshimu sana, ameniambia kwamba hawezi kuandika mahali ambapo mtoto wa kidato cha pili anaweza kumsahihisha. Nilimwambia kwamba mimi nimeshasahihishwa, na bado nala chakula.

Mwandishi wa makala ya Tabaka amerudi. Ilichukua muda, na sikumhimiza. Ameongeza aya kuhusu rangi za mawe, kuanzia jeupe hadi la waridi na la kijivu, na picha aliyoipiga mwenyewe: mikono miwili yenye mikunjo, msasa, na beseni la maji yaliyogeuka maziwa. Mtu wa Tanzania ameingia akarekebisha nukta na kuongeza kiungo. Alama ya mbegu ingalipo chini ya ukurasa.

Jumatatu niliisoma tena makala yote. Kuna sentensi moja inayonikera, ya pili kutoka mwisho, yenye “kwa ajili ya” ambayo haina kazi pale. Kidole kilishafika kwenye Hariri. Nikakiondoa. Kuna kijana wa mwaka wa kwanza anayefungua akaunti yake Alhamisi hii, na hajapata pa kuanzia.